Unamfuata kwa kazi gani? Namna ya kuchagua akaunti za kufuata mtandaoni

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiisogelea pwani ya Tanzania, mtu aliyekaa Mafia, Kilwa au Dar es Salaam na simu mkononi alikuwa na haja ya kitu kimoja: taarifa ya mwisho ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ikiwa na tarehe na saa yake. Kimbunga hubadili nguvu na mwelekeo. Ramani ya asubuhi inaweza kuwa imechacha kufikia alasiri. Tatizo ni kwamba simu haikupangii habari kwa saa. Inazipanga kwa kubahatisha utagusa nini. Ndiyo maana katika siku kama hizo watu wawili wanaweza kuangalia ramani ileile usiku mmoja, mmoja akiwa ameipata kwa TMA ilipotoka tu, mwingine akiwa ameletewa siku ya pili na ukurasa wa udaku ulioinakili na kukata sehemu yenye tarehe.

Tofauti yao haianzii siku ya kimbunga. Inaanzia siku kila mmoja alipobonyeza Follow, pengine miaka miwili nyuma, pengine bila kufikiri.

Wengi wakiamua wamfuate nani huangalia mambo matatu: ana wafuasi wangapi, ana tiki ya uthibitisho au hana, na kama marafiki zao wanamfuata. Mawili ya kwanza yananunulika, la tatu linapotosha. Swali lenye faida ni jingine: akaunti hii nitaitumia kwa kazi gani, na mwenyewe anajuaje hicho anachokisema?

Kitufe chenyewe kinafanya nini siku hizi

Twitter ilipoanza mwaka 2006, kufuata kulikuwa na maana nyepesi. Kila alichoandika uliyemfuata kilikufikia, kipya juu, cha zamani chini. Instagram nayo ilianza hivyo mwaka 2010, kisha mwaka 2016 ikauacha mpangilio wa saa. Mitandao mingine mikubwa imepita njia hiyohiyo, kila mmoja kwa mwendo wake. TikTok haikuwahi hata kuutegemea. Ukurasa wake wa For You hukuletea video za watu usiowafuata tangu dakika ya kwanza.

Kwa hiyo leo kumfuata mtu ni kura moja tu kati ya nyingi unazopiga bila kujua. Kura nyingine ni sekunde ulizokaa kwenye video, maoni uliyoandika, wasifu uliofungua, chapisho ulilomtumia mwenzako.

Uzito wa kura hizo uliwahi kuonekana waziwazi. Mwaka 2023 Twitter, ikiwa inakaribia kubadilishwa jina kuwa X, iliweka hadharani sehemu ya programu inayopanga machapisho. Ilieleza kwamba unapofungua For You, mfumo huchota machapisho kama 1,500 ya kushindanishwa, na kwa wastani nusu yake ni ya watu usiowafuata. Kisha kila chapisho hupewa alama kwa kukadiria uwezekano wa wewe kufanya jambo fulani juu yake. Uwezekano wa kulilaiki ulizidishwa kwa 0.5. Kulisambaza, 1. Kulijibu, 13.5. Kulijibu na mwenyewe akajishughulisha na jibu lako, 75. Kusema hulitaki, toa 74. Kuliripoti, toa 369.

Kampuni huzibadilisha namba hizi itakavyo, lakini hesabu yake ilikuwa na funzo: jibu moja lilikuwa na uzito wa laiki 27, na mfumo haukuuliza kama umejibu kwa mapenzi au kwa matusi. Yule mwanasiasa au msanii anayekuudhi, ambaye kila siku unamwandikia "una akili kweli wewe?", ndiye unayeufundisha mfumo kwamba humwachi. Facebook nako, kuanzia 2017, alama za hisia, ikiwemo ile ya uso wenye hasira, zilihesabiwa mara tano ya laiki ya kawaida. Baadaye kampuni ilipunguza uzito wa hasira hadi sifuri, baada ya kuona ni machapisho ya aina gani yanayopandishwa nayo.

Kuna njia ya kurudi kwenye mpangilio wa saa, ila mitandao haiiweki mbele. Kwenye X ni kichupo cha Following, na hakikisha kimepangwa kwa yaliyo mapya. Facebook ina sehemu iitwayo Feeds ndani ya menyu. Instagram ilirudisha Following na Favorites mwaka 2022. Kwenye Favorites unaweza kuweka akaunti hadi 50, na kwa mtu mwenye haja ya tahadhari za mvua, umeme na barabara, hiyo ndiyo nafasi ya kuziweka. Chaneli za WhatsApp, zilizoanza 2023, bado zinakwenda kwa saa, na machapisho yake hukaa siku 30 kisha hupotea. Kwa tangazo la dharura, chaneli rasmi ya WhatsApp mara nyingi inafaa kuliko ukurasa wa Instagram wa taasisi hiyohiyo.

Akaunti moja, kazi moja

Kabla ya kukagua ukweli wa mtu, amua unamwajiri kwa kazi gani. Vipimo hutofautiana. Mchekeshaji hapimwi kwa usahihi wa takwimu, na daktari hapimwi kwa ucheshi, ingawa mtandaoni wengi hufanya kinyume chake.

Kuna chanzo chenyewe: TMA, baraza la mitihani, wizara ya afya, benki kuu, kampuni ya maji ya mji wako. Unakifuata kwa sababu ndicho kinachotoa taarifa, hakiinakili. Udhaifu wake ni kwamba hakijisemi kwa ubaya. Shirika la umeme litakueleza saa za kukatika. Kwa nini hasa transfoma ileile imeungua mara tatu ndani ya mwaka, hilo utalipata kwa mwandishi wa habari. Kwa hiyo kwa kila chanzo muhimu unahitaji angalau mwandishi mmoja anayekifuatilia kwa muda mrefu, mwenye jina lake, anayetofautisha alichokiona, alichoambiwa na anachodhani.

Kisha yupo mfafanuzi: mwanauchumi anayekusomea bajeti, mwanasheria anayekueleza mswada, mtaalamu wa kilimo anayekuambia kiwavi huyu ni nani na anyunyiziwe lini. Huyu ni wa thamani, na ndiye anayeigizwa kuliko wote. Nitamrudia.

Halafu yupo msambazaji, na huyu ndiye aliyejaa kwenye simu za watu. Hana mwandishi, hana ofisi, anakusanya picha za skrini kutoka kwingine na kuzipaka kichwa cha moto. Si lazima awe mwongo. Kosa lake ni la kiufundi zaidi: akinakili, tarehe hukatika, jina la mpigapicha hukatika, na sentensi ya mwisho iliyosema "uchunguzi unaendelea" hukatika pia, kwa sababu haikutosha kwenye mraba wa picha. Picha ya mafuriko ya miaka mitano nyuma huanza maisha mapya hivyo. Mtumie kama kibao cha barabarani. Anapoleta jambo la maana, angalia amelitoa wapi, nenda huko. Ukikuta mara tatu mfululizo amelitoa mahali pamoja, fuata mahali hapo na msambazaji umwache.

Watu wako wa karibu na burudani havihitaji maelezo. Viwekee tu mipaka visimeze vingine.

Tiki haisemi ulichozoea kudhani

Twitter ilianzisha alama ya kuthibitisha akaunti mwaka 2009, na kwa zaidi ya miaka kumi tiki ilimaanisha kwamba kampuni imejiridhisha kuwa mtu huyu ndiye. Novemba 2022, wiki chache baada ya Elon Musk kuinunua, tiki ya bluu iliwekwa sokoni kwa malipo ya mwezi. Ndani ya siku chache mtu alifungua akaunti yenye jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly, akalipia tiki, akatangaza kwamba insulini sasa ni bure. Kampuni halisi ililazimika kuomba radhi kwa waliopotoshwa. Aprili 2023 tiki za zamani zilianza kuondolewa kwa wasiolipa. Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, nayo ilianza kuuza tiki humo mwaka huohuo, ingawa yenyewe hudai kitambulisho.

Kwa hiyo kwenye X tiki ya bluu leo inasema mtu analipa. Ya dhahabu ni ya mashirika, ya kijivu ni ya serikali na taasisi za kimataifa. Hizi zina uzito zaidi. Hata hivyo, tiki ya rangi yoyote haikuambii nani ameshika simu saa hii. Mei 2025 akaunti rasmi ya Jeshi la Polisi Tanzania kwenye X ilidukuliwa, ikachapisha maudhui ya ngono na uzushi kuhusu kifo cha Rais. Akaunti ilikuwa ya kweli. Maneno hayakuwa ya kweli. Habari kubwa ikitokea mahali pamoja tu, hata kama ni mahali rasmi, subiri ionekane kwenye tovuti ya taasisi na kwa vyombo viwili visivyonakiliana.

Ukaguzi wa dakika kumi

Hatua ya kwanza ni kutotafuta akaunti ya taasisi kwa kuandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafuta. Hapo ndipo akaunti bandia zinapokusubiri. Anza kwenye tovuti ya taasisi, shuka chini ya ukurasa zilipo alama za mitandao, bonyeza hapo. Tovuti za serikali huishia na .go.tz kwa Tanzania, .go.ke kwa Kenya, .go.ug kwa Uganda, .gov.rw kwa Rwanda. Anwani yenye neno "serikali" lakini inaishia .com au .xyz iache hapohapo.

Pili, soma jina la mtumiaji herufi kwa herufi, si jina kubwa lililo juu yake. Jina kubwa mtu huandika atakalo. Jina la mtumiaji ni la pekee, kwa hiyo tapeli hulazimika kulichezea: namba 0 mahali pa herufi O, herufi kubwa ya i mahali pa l ndogo, mstari wa chini umeongezwa, au neno "official" limebandikwa mwishoni.

Tatu, umri na majina ya zamani. Kwenye Facebook fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa. Utaona tarehe ulipofunguliwa, majina yote uliyowahi kuwa nayo, na nchi waliko wanaouendesha. Instagram ina sehemu ya "kuhusu akaunti hii" inayotaja tarehe ya kujiunga na nchi, na X iliongeza sehemu kama hiyo mwishoni mwa 2025, ingawa nchi inayotajwa yaweza kupotoshwa na anayetumia VPN, programu inayoficha mahali ulipo. Unachokitafuta ni ukurasa uliozaliwa kwa jina la mafumbo ya mapenzi au matokeo ya mpira, ukakusanya wafuasi laki mbili, kisha siku moja ukaamka ukiitwa "Ajira Mpya" au jina la mbunge. Kurasa huuzwa kama viwanja. Wafuasi huhama pamoja nazo bila kuulizwa.

Nne, na hapa ndipo wengi huishia njiani: usisome machapisho matatu ya juu ukaridhika. Soma kumi ya karibuni na kumi ya miezi sita nyuma. Kisha chagua tukio ambalo wewe mwenyewe unajua lilikwendaje, uone siku ile alisema nini. Kwenye X unaandika kwenye kisanduku cha kutafuta: from:jinalake since:2024-05-01 until:2024-05-06, na utaletewa kila alichokiandika siku za Hidaya. Je, alitaja saa ya taarifa? Alichapisha video ya kimbunga cha nchi nyingine akisema ni Mtwara?

Ukiwa hapohapo, andika from:jinalake (samahani OR marekebisho OR nilikosea). Neno OR liwe kwa herufi kubwa, la sivyo halifanyi kazi. Akaunti inayohabarisha kila siku kwa miaka mitatu na haina sahihisho hata moja ina maelezo mawili: haijawahi kukosea, au ikikosea hufuta kimyakimya. La kwanza halijawahi kutokea kwa binadamu. Anayeandika "jana niliandika watu saba, idadi sahihi ni wanne" ni wa kubaki naye.

Tano, toka nje ya akaunti. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapa kazi ya kukagua tovuti watu 45: wanahistoria kumi, wahakiki wa habari kumi na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi, watu wenye akili zao, walibaki ndani ya tovuti wakisoma "kuhusu sisi" na kuvutiwa na nembo. Wahakiki waliondoka karibu mara moja, wakafungua vichupo vingine kuona wengine wanasema nini juu ya tovuti ile, na ndio waliopata jibu sahihi kwa haraka zaidi. Fanya hivyo kwa akaunti. Tafuta jina lake pamoja na neno "tapeli", au "ni nani", au "uzushi". Angalia kama wahakiki wa PesaCheck, Africa Check au JamiiCheck wamewahi kumshughulikia. Wasifu wa mtu ni barua ya maombi ya kazi aliyoiandika mwenyewe. Hakuna anayejiandikia aibu humo.

Wafuasi uwahesabu mwisho kabisa, na usihesabu idadi bali uwiano. Akaunti yenye wafuasi 300,000 inayopata laiki 40 kwa kila chapisho, na maoni ambayo ni alama za moto na "nice" kutoka kwa majina yenye tarakimu nane, ina harufu ya wafuasi wa kununua. Si ushahidi kamili, kwani akaunti ya zamani iliyopoa nayo hufanana hivyo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Akaunti nyingi hufuatwa kwa sababu zilikuwa kwenye trendi. Inafaa kujua trendi hutengenezwaje. Septemba 2021 taasisi ya Mozilla ilitoa utafiti wa Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu Twitter nchini Kenya. Ndani ya miezi kama miwili walibaini kampeni 11 za upotoshaji, zenye machapisho zaidi ya 23,000 kutoka akaunti 3,700. Walioshiriki walilipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kampeni. Maelekezo yalipitia vikundi vya WhatsApp: hashtegi ni hii, picha ni hizi, anza saa fulani, malipo kwa M-Pesa. Baadhi ya waliolengwa ni majaji na wanaharakati waliohusika na kesi ya mabadiliko ya katiba yaliyojulikana kama BBI. Baada ya utafiti huo Twitter ilifungia akaunti zaidi ya mia moja.

Tanzania tuna neno letu kwa ndugu wa karibu wa biashara hiyo: chawa. Chawa hajifichi sana, na hilo ni nafuu. Humjua kwa sababu kila chapisho lina mtu yuleyule wa kusifiwa, hata taarifa ya bei ya sukari huishia kwa shukrani kwake. Anayesumbua ni yule ambaye siku 25 za mwezi anachekesha vizuri, kisha siku tano anaandika sentensi ileile wanayoandika wengine 60, kwa saa ileile. Nakili sentensi nzima, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye kisanduku cha kutafuta. Ikijirudia neno kwa neno kwa watu wasiohusiana, umepata karatasi ya maelekezo.

Matangazo ya biashara yasiyosema ni matangazo yamo kundi hilihili. Mtu kupokea pesa si kosa. Kutosema ndiko kunakokuondolea uwezo wa kumpima.

Dokta wa mtandaoni

Kwa afya, pesa na sheria, vigezo vikaze. Hapa kosa la kumfuata asiyefaa lina gharama ya figo, akiba au shamba.

Habari njema ni kwamba fani hizi zina madaftari ya umma. Kenya, baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha ya wenye leseni mtandaoni. Tanzania Bara lipo Baraza la Madaktari Tanganyika. Wakili wa Kenya hutafutwa kwenye orodha ya Law Society of Kenya, wa Tanzania Bara kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Anayekushauri kununua hisa au kuweka pesa kwenye mfuko wa uwekezaji awe na leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji: CMSA kwa Tanzania au CMA kwa Kenya. Kwa mikopo ya simu, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ukurasa unaotangaza programu iliyomo humo umekwisha kujieleza.

Jina kwenye daftari ni hatua ya kwanza tu. Angalia pia kama anakaa kwenye fani yake. Daktari wa meno anayezungumzia meno ni mtaalamu. Huyohuyo akizungumzia sarafu za kidijitali ni mpita njia. Na angalia chini ya video kuna nini. Kama kila maelezo kuhusu sukari, presha, nguvu za kiume na mvi yanaishia kwenye namba ya WhatsApp ya kuagizia chupa moja ileile, umekaa mbele ya duka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mtaalamu wa kweli huchosha kidogo. Husema "inategemea", hutaja kipimo, hukuambia uende kituo cha afya. Algoriti, yaani ule mfumo unaopanga machapisho, haimpendi, kwa hiyo usitarajie akufuate yeye. Mtafute, kisha mweke kwenye Favorites au washa kengele ya taarifa, kwani akiachiwa mfumo atazama chini ya kelele.

Wangapi, na kutoka wapi

Chukua akaunti 400, kila moja ikichapisha mara tatu kwa siku. Hayo ni machapisho 1,200. Kwa sekunde kumi kila moja ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika ishirini, bila kuhesabu matangazo. Akaunti 80 kwa hesabu hiyohiyo ni dakika 40. Mitandao yenyewe inaruhusu mno: Instagram hadi 7,500, Facebook marafiki 5,000. Ukomo wao si kipimo chako. Na bando lina maoni yake pia, kwa sababu akaunti 30 za video hula MB kuliko 200 za maandishi. Zima video kujicheza zenyewe kwenye mipangilio kabla ya kulaumu mtandao wa simu.

Anayetafuta kazi au soko anahitaji kuangalia zaidi ya idadi. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti uliohusisha watu wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Asilimia 16.7 tu waliipata kupitia mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wanaonana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra. Sababu si kwamba rafiki wa karibu hana upendo. Anajua yaleyale unayoyajua. Ukifuata wenzako wa darasa 50 utapata tangazo moja mara 50. Fuata mwenye fani yako aliye mkoa mwingine, mnunuzi, msambazaji wa pembejeo, mtu wa fani jirani. Watano wa namna hiyo hukuletea jipya kuliko hamsini wa nyumbani.

Mapendekezo ya programu hayatakupeleka huko, kwa sababu huchota namba zilizomo kwenye simu yako na watu wanaofuatwa na uliokwisha kuwafuata. Mwaka 1991 Scott Feld alionyesha kihesabu kwamba, kwa wastani, marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe. Sababu ni kwamba mwenye marafiki wengi huhesabiwa kwenye orodha za wengi. Mtandaoni jambo hilo hukolea zaidi. Wale wale wakubwa hujitokeza kila mahali, na mwenye wafuasi 900 anayejua kutibu ugonjwa wa kuku hutamwona mpaka umtafute kwa jina la ugonjwa.

Kufuata kunaonekana

Orodha ya unaowafuata kwenye X na Instagram huonekana na wengine kama akaunti yako iko wazi. Mwajiri huisoma, mchumba huisoma. Ukitaka kusoma mtu bila kumfuata, X ina orodha za faragha: unatengeneza orodha, unamweka humo, hapati taarifa, na machapisho yake huja kwa mpangilio wa saa. Kwenye chaneli za WhatsApp wafuasi wenzako hawaoni namba yako, wala msimamizi haioni.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Ukilalamika kwenye maoni ya benki au kampuni ya simu, matapeli wanaokaa humo kusubiri walalamikaji hukuandikia faraghani wakiwa na nembo ya kampuni na lugha ya upole, wanaomba namba ya siri "tukurudishie pesa". Kumfuata benki ni salama. Anayekuanza yeye faraghani baada ya malalamiko yako, usimjibu, piga mwenyewe namba ya benki iliyo nyuma ya kadi yako.

Kupunguza, bila ugomvi

Kila baada ya miezi mitatu pitia orodha. Kwenye Instagram, ukifungua orodha ya unaowafuata, kuna kundi la wale usiowagusa kabisa, anza hapo. Kwa kila jina jiulize limekufanyia kazi gani tangu ukaguzi uliopita. Akaunti ya habari iliyokupotosha mara mbili bila kusahihisha, ondoa. Iliyobadilisha jina, ondoa kwanza, chunguza baadaye. Anayekukera lakini huna sababu ya kumsoma, usimjibu kwa kuaga. Unakumbuka jibu lina uzito gani. Bonyeza nukta tatu, sema hupendezwi.

Ndugu ni habari nyingine. Ukimwondoa wifi kwenye Facebook, kikao kitaitishwa. Facebook inakuruhusu kuacha kumfuata mtu huku mkibaki marafiki, au kumpumzisha kwa siku 30. Instagram na X zina kitufe cha kunyamazisha. Katika yote hayo mwenyewe haambiwi. Ila shangazi uliyemnyamazisha kwa sababu ya video zake za dawa za asili ndiye anayetangaza misiba ya ukoo hapohapo, kwa hiyo hakikisha uko kwenye kundi la WhatsApp la familia kabla hujabonyeza.